Muzee wa kazi akipunguza mbio, nani atamwambia?

Kila atelye ya kwetu iko na muzee wake. Ukiingia mara ya kwanza hautamuona, sababu hapigi kelele. Lakini pompi ikikataa saa nane ya usiku, jina lake njo wanaita. Aliingia kazi wakati shefu wake wa leo alikuwa angali anavaa kaputula ya masomo ya msingi. Hakosi siku. Mvua inyeshe, bisi ikawie, yeye yuko pale pa mlango mbele ya saa kumi na mbili ya asubui, kofia ya kazi chini ya kwapa, chakula chake mu kifuko.

Halafu siku moja watu wanaanza kuona. Kazi aliyokuwa anamaliza mu zamu moja, sasa inaingia mu zamu ya pili. Vijana wanaangaliana. Mwisho wa mwezi primu ya ekipi inashuka, na kila mtu anajua juu ya nini, lakini hakuna anayefungua kinywa. Muzee mwenyewe anajua kuwapita wote. Anafika mapema zaidi, anaondoka nyuma ya wengine, anakula amesimama.

Tulitaka kuandika habari hii tangu siku nyingi, sababu inagusa nyumba nyingi za Likasi, za Kolwezi, za Kipushi na za Lubumbashi. Muzee tunayemweleza hapa si mtu mmoja. Tumemutengeneza na habari za wazee wengi, wengine ni wa lupango zetu sisi wenyewe. Kwa hiyo mtu asitafute jina lake wala jina la kampuni yake. Shefu wake pia ni mashefu wengi wameingia mu shati moja.

Tuseme basi kwamba Muzee ni fundi wa pompi ku kiwanda cha kuoshea mawe. Pompi hizo zinasukuma matope ya mawe yaliyosagwa, na matope hayo yanakula chuma kama vile panya anakula muhindi. Kila mara inapashwa kuzifungua, kutoa gurudumu la ndani lililokwisha kuliwa, kutia jipya, kupima nafasi, kufunga. Muzee amefanya kazi hiyo miaka 22.

Heshima inayogeuka mutego

Shefu wake ana miaka kama 32. Alisoma Polytechnique ya Lubumbashi, na alipokuja kufanya mazoezi pa kiwanda, Muzee huyo huyo njo alimuonyesha namna ya kushika ufunguo mukubwa bila kuvunja vidole. Sasa yeye njo anasaini karatasi ya Muzee. Amwambie nini? Kwetu mutoto hamukaripie muzee. Hata ukiwa shefu, ukimukuta ku kilio ao ku arusi utamusalimia kwanza, na utamwachia kiti.

Basi shefu ananyamaza. Na hapa njo ubaya unaanza, sababu kunyamaza kwake hakubaki kunyamaza tu. Kwanza anaanza kutoa kazi ngumu mu mikono ya Muzee na kuzipa vijana, bila kueleza. Muzee anafika asubui, anakuta pompi yake imepewa mwengine, na yeye anaambiwa akapange mabulo mu sanduku. Kisha yanakuja masheko: "Papa, leo utamaliza mbele ya Noeli?" Watu wanacheka, Muzee naye anacheka. Sisi tuliona wazee wakicheka vile. Macho yao hayakuwa yanacheka.

Mwisho, direksio inauliza shefu juu ya nini kazi zinakawia. Shefu anapashwa kujibu kitu. Anaandika. Na Muzee, mwenye hajapata barua mbaya mu miaka 22, anaitwa ku biro kusaini barua ya kuomba maelezo, ile watu wanaita demandi. Mu barua kuna neno "uzembe". Anaikunja mara ine, anaitia mu mufuko wa ndani wa kanzu ya kazi, na anakaa nayo siku tatu bila kumwambia bibi yake.

Mashefu wengi watasema: tulimuheshimu, hatukutaka kumuhaibisha. Tunawajibu hivi: kumwambia muzee mambo yake kwa siri, mapema, kwa maneno mazuri, hiyo njo heshima. Kumwacha asome mu barua kitu ambacho atelye yote ilikuwa inakisema nyuma yake tangu miezi sita, hiyo ni haya zaidi ya haya yote.

Juu ya nini barua moja inaogopesha vile

Watu wa mbali wanaweza kushangaa: karatasi moja tu! Lakini hapa kwetu kazi haikuwa mushahara peke yake. Tangu miaka ya 1920 kuelekea mwisho, Union Minière ilianza kutaka mufanyakazi akae muda mrefu, akae na bibi na watoto, mu nyumba ya kampuni. Posho, masomo, lopitali, vyote vilitoka mahali pamoja. Wazee walikuwa wanasema kampuni njo baba, kampuni njo mama. Mwaka 1967 kampuni ikawa ya serikali, kisha ikachukua jina la Gécamines, lakini mawazo yale yalibaki: mutu mwaminifu hatupwi.

Halafu tuliona. Mu miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa tisa 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka. Kufika 2003, shaba haikufika hata tani 30 000, na watu walikuwa wamekaa miezi na miezi bila kulipwa. Mwaka ule njo ulikuja mupango wa kuondoka kwa mapenzi, na feza za Banki ya Dunia. Zaidi ya wafanyakazi 10 000 waliondoka, na wengi wao walikuwa watu wa miaka mingi ya kazi, wale tunaowaita nguzo. Neno "mapenzi" lilikuwa ku karatasi. Ni nyumba ngapi za kwetu ambazo mpaka leo zinahesabu mambo kwa kusema "mbele ya ile feza" na "nyuma ya ile feza"?

Kwa hiyo shefu kijana akisema tu "Muzee, tuongee kidogo juu ya mwendo wako", Muzee hasikii neno mwendo. Anasikia 2003. Anamuona jirani yake aliyerudi na bahasha, akanunua kamiyoneti, na kamiyoneti ikafa ku barabara. Mwenye kutaka kuongea naye inafaa ajue kwamba kivuli hicho kimeketi mu biro pamoja nao.

Namna moja ya kumwambia

Kuna mashefu wanaojua. Huyu wa kwetu, kisha kuona aibu ya ile barua, alimungoja Muzee ku mwisho wa zamu, si mu biro, lakini ku benchi nyuma ya magazini, pale ambapo watu wanavutia tumbako. Alimwambia:

"Muzee, niko nalomba tuikale kidogo, miye na weye."

"Kuko nini tena, shefu?"

"Kuko mambo ya pompi. Ile namba ine. Zamani ulikuwa unaimaliza mu zamu moya. Mu huu mwezi, mara tatu inapita ku zamu ya pili. Ile barua nilipashwa kukuuliza mbele ya kuandika. Nilikosa. Sasa niko nakuuliza."

"Unataka kusema minazeeka?"

"Hapana, Papa. Minasema pompi inakawia. Juu ya nini inakawia, weye njo unajua. Miye sijue."

Msomaji aangalie vizuri maneno hayo. Shefu hakusema "wewe ni muvivu", hakusema "wewe ni muzee", hakusema "watu wanasema". Alitaja pompi gani, mara ngapi, mu mwezi gani. Kitu mutu anaweza kukiona na kukipima, kinaumiza kidogo kuliko neno linalomushika mutu mwenyewe. Na alikubali kosa lake kwanza. Mu miaka yetu ya kuzunguka viwanda hatukuona mashefu wengi wanaofanya vile, lakini wale waliofanya hawakupoteza ukubwa wao.

Muzee alijibu namna wazee wote wanajibu: "Nitatia nguvu, shefu. Mwezi wenye kuya utaona."

Shefu wengi wangefurahi na kwenda nyumbani. Lakini jibu hilo si jibu. Mutu anayesema atatia nguvu hajasema kinachomukawisha. Amesema tu kwamba anaogopa. Mwezi unaofuata atajaribu kukimbia, atapita mbele ya kufuli la umeme bila kungoja, ataruka hatua moja, na siku hiyo mukono utabaki mu mashini. Shefu huyu alikuwa na akili. Alisema:

"Nguvu haukosi. Kesho nitakuya na karatasi na bic, nitakaa na weye zamu yote. Siyo juu ya kukuchunga. Niko nataka nione kazi yenyewe inapita namna gani."

Siku moja na karatasi

Kesho yake walianza saa kumi na mbili. Karatasi ya ruhusa ya kufungua pompi ilisainiwa mbio. Lakini siku hizi hakuna fundi anayegusa pompi mbele ya muntu wa umeme kuja kukata na kutia kufuli, na hiyo ni vizuri sana, tusirudi nyuma. Tatizo ni kwamba muntu wa umeme ni mumoja kwa kiwanda chote. Alifika kisha dakika 40. Muzee alikuwa amesimama, mikono nyuma, anaangalia pompi. Mutu aliyepita wakati ule angesema: tazama, muzee anapumuzika.

Kisha magazini. Gurudumu jipya liko pale ndani, linaonekana kupitia nyavu. Lakini bon inataka sahihi ya mutu ambaye yuko ku mukutano. Foleni. Saa moja na dakika 20 zilienda. Muzee alipopata gurudumu, akakuta mupira wa kufungia hauko wa kipimo, akarudi foleni.

Mara ine vijana walikuja kumwita. "Papa, kuya usikie sauti ya hii mota." "Papa, hii mashini imeandikwa Kichina, weye ulikuwa unaifunga namna gani?" Muzee alienda kila mara, sababu hajui kukataa. Alitia sikio, alionyesha kwa kidole, alirudi. Kazi hiyo haiandikwe mahali popote. Mota iliyoponywa iliandikwa ku jina la kijana. Hatusemi kijana ni mubaya. Karatasi njo haina nafasi ya kuandika "niliuliza muzee".

Halafu shefu aliona kitu ambacho Muzee alikuwa anakificha. Wakati wa kupima nafasi ndani ya pompi, Muzee alichukua kipimo, akatembea mpaka pa mlango, pa mwangaza wa jua, akakisoma, akarudi. Mara tatu. Macho yake ya karibu yamechoka, namna yanavyochoka ya karibu kila mutu kisha miaka 40 na kitu. Hakuwa anahitaji daktari mukubwa; alikuwa anahitaji miwani ya kusomea. Lakini aliogopa wamuone na miwani, waseme: tazama, amekwisha.

Jioni walihesabu pamoja. Mu saa nane za zamu, mikono ya Muzee ilikuwa juu ya pompi chini ya saa ine. Macho na goti lake linalouma ku ngazi vilikula labda nusu saa. Magazini, kungoja umeme na kufundisha vijana vilikula mabaki yote.

Kwa hiyo barua ile ya uzembe ilikuwa imeandikiwa nani? Ilikuwa imeandikiwa foleni ya magazini. Lakini foleni haina jina wala namba ya kazi, basi wakaipa Muzee.

Upande wake pia uko

Sasa tusidanganye watu. Sehemu nyingine ilikuwa yake, na mashefu wana haki ya kuisema. Muzee alikuwa anakaza kila bulo mara tatu. Utaratibu unasema mara moja, kwa kipimo, na kuandika namba. Miaka mingi iliyopita bulo moja ilifunguka na kuumiza mwenzake, na tangu siku ile mukono wake haukubali kuamini mara ya kwanza. Uangalifu huo ni mali. Pompi zake hazirudi. Kijana mumoja wa ekipi alikuwa anamaliza mu nusu ya muda, wakamusifu, na kisha siku tisa pompi yake ikarudi ikitoa matope kila upande. Kiwanda kinachopima tu saa ya kumaliza, bila kupima mara ngapi kazi inarudi, kinajidanganya chenyewe. Lakini mara tatu ni mara tatu. Shefu alimwambia wazi: kaza mara moja na kipimo, andika namba, kama haulali vizuri rudia ya pili, ya tatu tunaiacha. Muzee alinuna wiki moja, kisha akakubali.

Tena alikuwa anakataa ufunguo wa hewa, ule unaokaza kwa nguvu ya mashini. Alisema unamutetemesha mikono mpaka usiku. Hapo si ukaidi: vyombo vinavyotetemesha vinaweza kuharibu vidole kweli, vinakufa ganzi, baridi inaviumiza. Neno hilo ni la kwenda nalo kwa daktari wa kazi.

Na wenzake? Tuliongea nao pia, sababu primu ni ya ekipi, na primu hiyo njo minerval ya watoto wao. Mumoja alisema neno ambalo tumelibeba: "Muzee hatuambie kama anachoka. Siye tulifikiri anatuachia kazi." Wangeambiwa mapema, wangebeba gurudumu zito wao, na yeye angepima. Ni hesabu ya dakika tano. Kwa kunyamaza, kila mumoja alikuwa anakasirika peke yake.

Kifua, sikio, na woga wa daktari

Kwa wale wa chini ya udongo, na wale wa kusaga na kutoboa mawe, mwendo ukipungua kuna swali linalopashwa kutangulia mengine yote: pumuzi iko namna gani? Vumbi la mawe linaingia mu mapafu na kukaa. Ugonjwa wake unaitwa silikozi. Mara nyingi hauji mwaka wa kwanza. Unakuja kisha miaka mingi, pole pole, na mutu anasema ni uzee. Anapanda ngazi, anasimama ku kati, anajifanya kufunga kamba ya kiatu. Hakuna dawa ya kuondoa vumbi lile mu mapafu, na mwenye nalo anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Njo maana kutoboa na maji na kuvaa kinga ya pua si mambo ya kucheka.

Silikozi ni ugonjwa wa kazi. Inatangazwa ku CNSS, ile tuliyokuwa tunaita INSS, na mutu ana haki juu yake. Lakini wazee wanakimbia daktari wa kampuni, sababu wanaogopa neno "hafai". Wanameza dawa ya kikohozi ya soko. Tunajua baba mumoja aliyekuwa anakohoa mu bidoni la maji ili watu wasimusikie. Ukificha ugonjwa, ku karatasi unabaki na uvivu peke yake.

Sikio ni vilevile. Mutu aliyekaa miaka 20 karibu na mashini za kutoboa anaweza kuwa hasikii maagizo vizuri. Unamwita mara mbili, hajibu, unasema ana kiburi.

Sheria inasema nini

Wasomaji wengi wanatuuliza hili, basi tuseme kwa kifupi. Sheria ya kazi ya mwezi wa kumi 2002, iliyosahihishwa 2016, inasema kwamba mutu mwenye kontra isiyo na mwisho haondolewe bila sababu ya kweli: uwezo wake wa kazi, mwenendo wake pa kazi, ao mahitaji ya kampuni. Sababu hiyo inaandikwa mu barua. Na kama ni juu ya uwezo ao mwenendo, kampuni inapashwa kumupa nafasi ya kujieleza mbele ya kukata neno. Kwa hiyo demandi si hukumu. Ni swali, na swali linajibiwa kwa kuandika: tarehe, saa, magazini, muntu wa umeme, miwani. Usijibu "naomba musamaha" kama hujui ni musamaha wa nini.

Preavi nayo inahesabiwa. Kampuni ikimuondoa mutu, inampa si chini ya siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 za kazi kwa kila mwaka uliotimia. Muzee wetu wa miaka 22 angepata 14 na 154, ni kusema siku 168 za kazi. Mapatano ya kampuni yanaweza kutoa zaidi, hayawezi kutoa chini. Na kama tribinali inaona sababu haikuwa ya kweli, inaweza kuamuru arudishwe, ao alipwe malipo yanayoweza kufika mishahara 36 ya mwezi. Delege wa sendika inafaa aambiwe siku ile ile ya barua, si siku ya mwisho.

Ndugu zetu wanaochimba kwa mikono watacheka wakisoma hapa. Wao hawana preavi, hawana delege. Ku shimo mwenzao akichoka, sehemu yake ya mufuko inapunguzwa, na habari imekwisha. Tunajua. Hiyo ni habari ya siku nyingine na ni kubwa.

Mutu ambaye hakuulizwa

Muda wote huo, kulikuwa mutu mumoja mwenye majibu nusu mu kichwa chake, na hakuna aliyemufikia. Bibi ya Muzee. Tangu shemeji yake alikufa, nyumbani wamo wajukuu na wapwa tisa. Mwezi wa kumi na moja mvua ikianza, siku ya kupumuzika Muzee anaenda ku shamba kupanda mahindi, kilometa nyingi kwa kinga, na anarudi usiku. Unga wa bukari wa mwaka unatoka pale, mushahara hautoshe. Kesho yake saa kumi na mbili yuko pa mlango wa kiwanda.

"Bo banaona tu mutu mwenye kuchoka," alisema. "Miye njo najua analala saa ngapi. Na ile barua, niliiona wakati wa kufua kanzu. Nikairudisha mu mufuko. Nikangoja aniambie."

Alingoja siku tatu. Siku ya ine akatia chakula ku meza, akatuma watoto inje, akauliza. Muzee akamusomea. Wakakubaliana vijana wawili wakubwa wa nyumba waende ku shamba mwaka huu, yeye aende kuonyesha tu mistari. Shefu alikuwa hajui hata kwamba shamba liko. Hatusemi shefu aingie mu mambo ya nyumba ya mutu. Lakini swali moja, "nyumbani kuko namna gani, Papa?", kama linaulizwa na mutu anayengoja jibu, halilipishe kitu.

Walivyofika

Ku benchi ile ile waliandika karatasi moja, kila mutu akabaki na yake. Pompi namba ine ingekuwa zamu moja na nusu, si moja. Shefu aliona kwamba hata kijana mwenye haraka haimalize mu moja bila kurudi. Vitu vya magazini vingetolewa jioni ya mbele. Vijana wawili wangefanya pamoja na Muzee, wabebe wao, apime yeye, na muda wa kufundisha uandikwe. Wangeangalia tena kisha miezi mitatu.

Miwani ilipatikana. Siku ya kwanza walimucheka, siku ya pili fundi mwengine wa miaka 50 aliazima ili asome kitu, siku ya tatu yeye pia alinunua yake. Pompi namba ine inamalizika siku nyingi ndani ya ule muda waliopanga. Siku nyingine haimaliziki. Muzee hatakuwa tena kama alivyokuwa na miaka 30, na mu karatasi ile hakuna aliyeandika kwamba atakuwa.

Kubakia mambo mawili. Direksio haijajibu kama muda wa kufundisha vijana utahesabiwa mu primu; delege ameuliza mara mbili. Na demandi iko mu dosie yake ikingali na neno "uzembe". Shefu ameandika barua nyingine ya kulifuta. Tunaambiwa inangoja sahihi ya mutu ambaye yuko ku mukutano.